Nilivyoweka data za uchimbaji wetu wa akiolojia wazi mtandaoni

Karibu kila niliyemwomba ushauri alinijibu vilevile: "Pakia ripoti ya PDF, inatosha." Haitoshi! Jedwali la vigae vya vyungu likishafungiwa ndani ya PDF, mtafiti mwingine atalinakili upya mstari kwa mstari ndipo aweze kulinganisha na maeneo mengine ya kale kama Kilwa au Unguja Ukuu. Nilitaka majedwali yenyewe yatoke.

Kilichonitoa jasho ni kina, yaani kila kigae kilitoka umbali gani chini ya ardhi. Tulichimba kwa sentimita tano tano, na daftarini tuliandika 5-10, 10-15, na kuendelea. Excel, programu ya majedwali, ikadhani ni tarehe. Kompyuta yenye mpangilio wa Uingereza iligeuza 5-10 kuwa tarehe 5 Oktoba. Yenye mpangilio wa Marekani ikasema 10 Mei. Kina cha 40-45 kilisalimika kwa kuwa hakuna mwezi wa 40. Mtaalamu mmoja akanishauri nifute safu nzima. Nifute kina! Kigae kisicho na kina hakina tofauti na cha kuokota njiani.

Nikakumbuka kuwa shimo huchimbwa kwenda chini, hivyo namba ndogo lazima itangulie. Nikaandika fomula: chukua siku na mwezi, tanguliza ndogo. Oktoba 5 na Mei 10 zote zikarudi 5-10. Kwenye mpangilio wa Uingereza, 10-15 ilikuwa imegeuka Oktoba 2015, na hatukuchimba mwaka huo, kwa hiyo hizo nilizitambua kwa mwaka. Halafu nikalinganisha na lebo za mifuko tuliyowekea vigae, na zote zikaafikiana. Siku hizi kina nakiandika katika safu mbili, kina_juu na kina_chini, na nahifadhi CSV ya UTF-8, yaani faili la maandishi matupu ambalo programu yoyote inalisoma.

Ramani nayo. Ramani zetu za zamani zinatumia Arc 1960, GPS inatumia WGS84; ni mifumo miwili tofauti ya kupima mahali duniani. Ukizichanganya, shimo linahama takriban mita 300. Letu lilitokea baharini. Andika mfumo uliotumia ndani ya faili, usimwachie msomaji kubahatisha. Na kama eneo halina mlinzi, punguza tarakimu za majira ya nukta (namba zinazoonyesha mahali shimo lilipo), maana wachimba hazina nao wanasoma mtandaoni.

Baada ya wenzangu na idara ya serikali ya Mambo ya Kale kuridhia, nilipakia Zenodo, hifadhi ya data mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Ni bure, nililipia bando tu, kama elfu kumi hivi. Wanaosema "watakuibia" hawajaelewa: unapata DOI, kitambulisho cha kudumu cha data yako, yenye tarehe, na leseni ya CC BY inamlazimu anayetumia akutaje. Mwanafunzi wa chuo kingine ameshatumia jedwali letu la shanga, na jina la timu yetu limo kwenye tasnifu yake.

Hivi karibuni nimeongeza picha za vigae vya Kichina kama toleo la pili. Toleo la kwanza bado lipo na DOI yake, hivyo aliyelinukuu hasumbuki.