Kovu la upana wa kiganja

Leo ni siku ya 23 tangu nipasuliwe kubadilishiwa nyonga, na asubuhi nimelia kwa ajili ya soksi. Zile soksi nyeupe za kubana, za kuzuia damu isigande miguuni. Moja ilianguka nyuma ya kitanda. Kuinama siwezi. Nikajaribu kuivuta kwa gongo, ikazidi kwenda mbali, nikakaa kitandani nikalia kwa kwikwi, mtu mzima wa miaka 58. Miaka mitatu ya kuchechemea sikulia. Kule Chennai, India, usiku wa kuamkia kisu, sikulia.

Tumerudi Tanga wiki iliyopita na wageni hawaishi. Kila mmoja anataka kuona kovu. Nafunua khanga kidogo: mstari mbele ya paja, upana wa kiganja changu. "He! Ndiyo haka tu, shoga? Mwezi ujao si utacheza ngoma!" Nacheka nao.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Anapita mbele, anaitenga misuli badala ya kuikata; wanaopita nyuma huikata kwanza ile misuli midogo inayozungusha paja, kisha wakaishona. Wala si jambo jipya. Nilipokosa usingizi nilisoma kwamba Mfaransa Robert Judet alipitia hukohuko mbele mwaka 1947. Ila ukishaingia, kazi ya ndani ni ileile. Kichwa cha mfupa wa paja kinakatwa kwa msumeno. Tundu la nyonga linakwanguliwa, linavikwa kikombe. Chuma kinagongwa ndani ya mfupa kwa nyundo. Mlango mdogo, lakini nyumba imebomolewa. Huenda daktari alilisema hilo pia, nami niliposikia "kovu dogo" nikaacha kusikiliza.

Siku ya pili nilisimama na fremu ya kutembelea, nikapiga hatua 12, nikajiona malkia. Yale maumivu ya kusagana, yaliyokuwa yakiniamsha usiku, hayapo. Ndiyo maana huzuni iliponijia wiki ya pili niliionea aibu. Utalalamikaje na nyonga unayo mpya, na minazi ya marehemu baba imeuzwa kwa ajili yako? Nikawa najibu "alhamdulillah" mtu hajamaliza hata kuuliza.

Aliyenigundua ni binti anayekuja kunifanyisha mazoezi. Alikuwa ananihesabia kuinua mguu, akaacha kuhesabu. "Mama, unalala? Unakula?" Nikamwambia nalala chali kama maiti, usingizi gani huo. Akasema wengi huwapata hali hii baada ya upasuaji: dawa za maumivu, usiku uliokatikakatika, kungoja watu kwa kila kitu, hata kwenda msalani. Nikiona haipungui nimwambie daktari, nisikae kimya, kwa kuwa mwenye huzuni huacha mazoezi na asiyefanya mazoezi mguu humkaza. Kaniambia haya huku kanishika kisigino, kama vile huzuni nayo ni kiungo cha kunyooshwa. Nilimpenda kwa hilo.

Asichokijua ni habari ya mbuzi. Mbuzi yangu ya kukunia nazi imetundikwa jikoni, na viti vya chini nimekatazwa kwa sasa. Kuswali kitini nimeshazoea, mwaka wa pili huu. Lakini kukaa sebuleni ukasikia mkamwana anakuna nazi kwenye mbuzi yako, tena anakuna hadi kwenye kifuu, tui litoke la kijivu! Mtu atacheka. Mimi machozi yalinilenga.

Na kuna kipande cha ngozi, ubavuni mwa paja, kimekufa ganzi. Mshipa wa fahamu wa pale huguswa wakipita mbele. Wanasema kwa wengi hupungua taratibu. Usiku nakipapasa. Mkono unahisi paja, paja halihisi mkono. Kama nimelala na mguu wa mtu.

Basi mwanangu ameingia asubuhi kanikuta nimeshika soksi moja.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa una nini?"

Ile alhamdulillah imefika mdomoni, nikaimeza. "Nina huzuni, mwanangu. Tangu Chennai."

Hakusema kitu. Kapiga magoti, kaingiza mkono nyuma ya kitanda, kaitoa soksi ina vumbi, kaikung'uta. Kisha kakaa chini, kauweka mguu wangu mapajani mwake.

"Haya. Nieleze, huku navalisha."