Softiboli ya wanawake vyuoni Marekani: pointi zinavyopotea

Hadi 2025, timu ya softiboli (mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli) ya Daraja la Kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliruhusiwa ufadhili kamili 12 tu wa masomo. Kocha aliugawanya vipande vipande, huyu nusu ada, yule robo.

Maendeleo ya wachezaji kimasomo hupimwa kwa APR, alama ya timu ambayo kilele chake ni 1000. Kila muhula, mchezaji mwenye ufadhili huleta pointi mbili: kufaulu na kubaki chuoni. Wachezaji 20, mihula miwili, ni pointi 80. Zikipotea sita: 74 ÷ 80 × 1000 = 925, chini ya kiwango kinachotakiwa cha 930. Aliyefeli kisha akaondoka huipotezea timu pointi zake zote mbili za muhula (hapo ndipo timu nyingi huumia). Nafuu ni kwamba huhesabiwa wastani wa miaka minne.