Kipi cha kushoto

Mtetea alikuwa amechanika ubavuni, chini ya bawa, pale ambapo manyoya huficha jeraha mpaka umwinue kuku mwenyewe. Hakuna mnyama aliyeingia bandani. Jogoo kila alipompanda, kipi chake, ile pembe ya nyuma ya mguu, kiliteleza ubavuni kama kisu. Tulimwosha mtetea kwa maji ya chumvi tukamtenga, kisha nikamtazama jogoo. Vipi vyote viwili vilikuwa vimepita sentimita 4, na cha kushoto kilishaanza kujikunja kuelekea mguuni. Kingeachwa, kingekuja kumchoma mwenyewe.

Nilikuwa nimesikia habari za kiazi: unakichemsha, unakichomeka kwenye kipi kikiwa bado cha moto, unangoja dakika chache, halafu unazungusha kwa koleo na ganda linachomoka.

"Linachomoka kweli, mwanangu," mjomba akasema. "Lakini wewe uking'olewa ukucha, kesho utatembea?"

Akanionyesha kwa kidole. Katikati ya kipi mna mfupa uliochipuka kutoka mfupa wa mguu, wenye damu na wenye kuhisi maumivu. Juu yake limevaa ganda gumu, la asili moja na kucha zetu. Kiazi huvua ganda lote na kuuacha mfupa wazi, na kikigusa mguu huunguza ngozi. Sisi tulitaka ncha tu, pale ambapo ndani ya ganda hamna mfupa.

Tulingoja giza, maana kuku akishapanda fitoni kulala hana ubishi. Mjomba alimfunga jogoo kwa taulo, mabawa ndani, kichwa kikafunikwa, mdomo na pua vikaachwa wazi. Alinikataza kabisa kumkandamiza kifua. Ndege hupumua kwa kukiinua na kukishusha kifua hicho, kwa hiyo ukimbana sana anakufa mkononi huku wewe ukidhani ametulia.

Nilitia alama ya kalamu sentimita 2 na nusu kutoka mguuni. Kikata kucha cha mbwa tulikiweka kando, kwa sababu kipi kinene hakikatiki humo. Hubanwa, kikapasuka kwa urefu, na ufa ukafika penye uhai. Tulitumia msumeno wa kukatia chuma, wenye meno madogo. Mkono wa kushoto ulishika shina la kipi kwa nguvu ili mtikisiko usifike kwenye mguu, na wa kulia ukavuta taratibu. Nilianzia nchani, nikitoa vipande vyembamba kama sarafu, na kila kimoja kikidondoka mjomba alimulika tochi kwenye uso wa mkato. Ukiwa mkavu, mweupe kama chaki, endelea. Ukiona katikati kidoa cheusi chenye unyevu, acha hapo hapo hata kama hujaifikia alama.

Cha kulia kilikwisha bila tone la damu. Cha kushoto nilikikata kwa kufuata mstari wa mguu, nikasahau kwamba kimejikunja. Msumeno ukapita mshazari, na upande wa chini ukaukaribia mfupa kuliko wa juu. Jogoo aliuvuta mguu ghafla. Katikati ya weupe ule kikatokea kidoa chekundu, kikavimba, kikawa tone.

"Unga! Bana, usifunue!"

Nilichota unga laini wa mahindi tuliokuwa tumeuweka tayari kwenye kisahani, nikaugandamiza kwa kidole gumba dakika 5 kwa kutazama saa. Hamu ya kuchungulia ni kubwa, lakini kila ukifunua unabandua damu iliyokwisha kuganda na unaanza upya. Unga wa kukausha damu unaotumika kwa kucha za wanyama hushika upesi zaidi. Wa mahindi nao ulifaa.

Kipi cha kulia nilikipiga tupa mpaka kingo zikawa butu. Cha kushoto sikukigusa, kwani tupa ingefungua damu. Jogoo alilala peke yake kwenye boksi lenye maranda makavu, kwa kuwa kuku wakiona wekundu hudonoa na hawaachi.

Asubuhi aliwika akiwa amesimama kwa miguu yote miwili. Siku ya tatu kidoa kilikuwa kimekauka, cheusi, kigumu. Nikakipitishia tupa mara chache, nikamrudisha bandani.