Mpaka afe mtu?

Saa saba usiku hii, usingizi hauji, na asubuhi kuna watu watanisimamia mlangoni wanataka nguo zao. Bora niandike tu labda itanitoka.

Wiki ilikuwa na mambo jamani. Mdogo wangu kajifungua Jumatano, katoto ka kike, wote wazima alhamdulillah, na kaka hatimaye kaitwa ile kazi ya Uvinza tuliyoisubiri mpaka tukaacha hata kuiulizia. Hayo ndo ya kuandika. Lakini kinachonizunguka kichwani ni kitu kidogo alichosema Dulla, mtoto wa kaka, Ijumaa ya juzi, kila nikikaa kwenye cherehani kinarudi, nikifunga frem kinarudi, sasa hivi niko kitandani kimerudi.

Ilikuwa hivi. Watu wametoka kuswali, tumekusanyika kwa kaka pale Ujiji kama kawaida, ugali wa muhogo, migebuka ya mawese, na Ba'mdogo kaja (mnamjua, yule wa redio). Wanaume mkekani ndani, sisi huku uani, mlango wazi tunasikia kila kitu. Dulla akaingia kachelewa. Nyeusi juu mpaka chini, fulana nyeusi, jinzi nyeusi, raba nyeusi, zile nywele alizozitia dawa tangu amalize form foo zimelala zinamziba jicho moja, na wanja. Akasalimia vizuri tu, shikamoo babu, akanawa, akakaa. Ba'mdogo akamtazama weee, tonge liko mkononi, akasema:

"Nani kafa?"

Na Dulla, bila kunyanyua kichwa, sauti ile ile ya mtu anayeomba asogezewe mboga:

"Kwani mpaka afe mtu, babu?"

Basi. Kimya kikashuka hapo mnasikia kuku wa jirani. Na mjue hawa wawili ni babu na mjukuu, watani, Dulla tangu yuko darasa la pili anamtishia mzee kumnyang'anya bibi na mzee anacheka mpaka anakohoa. Kwa hiyo mi nilikuwa nasubiri kicheko. Hakucheka mtu. Kaka akajikohoza, mtu mwingine akaanza habari za bei ya saruji, wakaendelea kula, na Dulla akala vizuri tu mpaka akaongeza.

Sasa mi ndo nimebaki nayo. Kuna wakati naisikia kama ujeuri, mtoto anamjibu mkubwa mbele za watu. Nikiirudia tena naisikia kama utani ulioanguka vibaya. Halafu kuna saa, hasa usiku kama hivi, naisikia kama swali la kweli, mtu anauliza kwa sababu anataka kujua. Mpaka afe mtu ndo uruhusiwe kuwa na huzuni? Maana kwetu ndo hivyo ukiangalia. Mtu akifa unaruhusiwa, watu wanakuja, wanakaa na wewe, wanapika, hata mwanaume akitoa chozi wanageuza uso wanamwachia. Siku zikipita basi, ukiendelea unaambiwa unakufuru. Na kama hajafa mtu halafu umenyong'onyea tu, hapo una jini au unataka hela.

Pale pale uani dada akaniinamia sikioni huku anapuliza jiko, "Umemsikia? Huyo ni emo huyo. Hao ndo wale wanaojidhuru, niliona TikTok. Wanapenda kufa hao." Wifi yupo hapo hapo anasikia, mama wa mtoto! Nikamwambia dada tuondoe sufuria.

Kilichonikera zaidi ni nani aliyeuliza. Ba'mdogo! Ba'mdogo ambaye ile redio yake ikikamata rumba la ng'ambo ya ziwa, mwanaume mzima kaachwa analia na gita linamsindikiza dakika kumi, yeye anafumba macho anatikisa kichwa, na hakuna mtu katika ukoo huu aliyewahi kumuuliza nani kafa. Ba'mdogo ambaye Idd kwa Idd ni kanzu, kofia, na wanja, sunna, anapendeza kweli. Sasa wanja wa Dulla una kosa gani, au kwa sababu haujapakwa Idd? Na Kigoma yetu hii hii, mwisho wa reli, ndo asili ya kina Ali Kiba na Diamond, watu wamelizwa kwenye nyimbo mpaka wakajenga. Huzuni ya kucheza haina shida. Shida ni ya mtu kukaa kimya na nywele usoni.

Basi Jumamosi Dulla kaja frem na jinzi mbili. Shangazi nipunguzie. Nikamwambia vaa niione, ilikuwa inapwaya kwenye goti, nikapiga chaki kuanzia pajani kushuka mpaka chini, akasema ibane zaidi, nikamwambia nikibana zaidi ya hapa kisigino hakipiti utavaa na mafuta. Akataka na mshono uwe wa uzi mweusi, sio ile rangi ya machungwa ya jinzi. Haya. Nikabadili sindano nikaweka namba 16, maana jinzi ikikutana na sindano nyembamba ni kuvunjika tu, na kazi ikaanza, na mi mdomo ukaniwasha nikamuuliza, hivi hii emo yenu ni kitu gani hasa, ni chama, ni dini, au ni suruali?

Alicheka! Sijamsikia anacheka hivyo tangu mtihani. Akasema shangazi ni muziki, suruali imekuja nyuma kabisa. Akaanza kunieleza na mjue Dulla haongeagi. Washington, Marekani, katikati ya miaka ya 80. Kulikuwa na vijana wa panki, muziki wa magita ya kelele, ile panki ya haraka haraka wanayoiita hadikoo, kelele, kupiga kelele juu ya serikali na polisi, na kwenye shoo watu wanapigana ngumi. Baadhi ya wale wale wakachoka ngumi. Ikatokea bendi inaitwa Rites of Spring, mwimbaji wao Guy Picciotto, makelele yale yale lakini sasa anajipigia kelele yeye mwenyewe, moyo wake, alichokipoteza. Albamu yao ilitoka 1985. Na Ian MacKaye, ambaye alikuwa Minor Threat, bendi ya hasira hasa, naye akaanzisha Embrace ya mtindo huo huo. Watu wakaanza kuwaita emokoo, yaani hadikoo ya hisia, ndo emo ikatoka hapo, kama kuwazomea hivi, na wao jina walilikataa, MacKaye alisema jukwaani kabisa kwamba ni upuuzi mtupu.

Nikasimamisha cherehani. Kwa hiyo wa kwanza kabisa hawakujiita? Hawakujiita. Na wa mwisho? Akasema My Chemical Romance wa New Jersey, ambao ukitamka emo dunia nzima inawafikiria wao, wale waliovaa magwanda meusi kama bendi ya mazishi kwenye albamu ya 2006, mwimbaji wao Gerard Way naye alilikataa hilo jina. Nikasema basi hii ni kama mtaa, wanaokaa humo hawakuuita hivyo.

Nywele za jichoni anasema ni za miaka ya 2000, enzi za MySpace, mtandao wa kijamii wa wakati huo, picha za kujipiga mwenyewe kamera iko juu. Kabla ya hapo, miaka ya 90, emo alikuwa kijana na sweta la mtumba na miwani, ungemwona ungedhani mwalimu wa mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo ukimtambua emo kwa nguo umetambua nguo tu. Chenyewe ni maneno ya wimbo, mtu anaimba kitu ambacho wewe ungekiandika ukakificha chini ya godoro, na waliokuja kusikiliza wanakijua neno kwa neno. Kuna Chris Carrabba wa Dashboard Confessional, anasimama na gita, na kuna mahali anaacha kuimba kabisa maana ukumbi mzima unamwimbia. Nikasema hiyo si kasida? Akasema shangazi acha. (Lakini alitabasamu.)

Af msimchanganye na goth, anachukia sana. Goth ni wengine, wa Uingereza, wametangulia, wana mambo yao ya makaburi. Yeye aliingilia kwa Juice WRLD, yule rapa wa Chicago aliyefariki Desemba 2019 ana miaka 21 tu, shuleni bwenini walikuwa wanamsikiliza, ndo akaanza kurudi nyuma kutafuta nani alimfundisha huyu kulia kwenye wimbo. Kigoma nzima anasema wako watatu anaowajua, mmoja yuko Kasulu, wanachati.

Sasa hapa ndo pananiuma. Kulikuwa na mshono wa pembeni wa kufumua kwenye ile jinzi ya pili, na Dulla tangu mdogo ananisaidiaga kufumua, akanyoosha mkono, "Nipe wembe, shangazi." Na mkono wangu ukasita. Sekunde moja. Mtoto huyu kanifumulia nguo miaka yote hii, wembe ule ule kwenye kopo lile lile la vifungo, na mkono wangu mimi ukasita kwa sababu ya maneno ya dada jikoni. Nikampa. Sijui kama aliona. Akakaa kwenye benchi akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, anapuliza vumbi la uzi, nadhifu kuliko hata mimi.

Nikaona ah, nimuulize tu. Dulla, we uko sawa?

Hakujibu haraka, na hicho ndo nilikipenda, hakusema "niko poa" ile ya kufukuza mtu. Akamaliza mguu mmoja wa suruali. Akasema, "Siku nyingine siko sawa shangazi. Nikiwa hivyo nasikiliza, inapungua. Ikigoma kupungua nakuja hapa."

Jamani. Kwa hiyo zile jioni zote anakuja anakaa kwenye benchi hasemi kitu, anachezea vipande vya vitambaa mpaka nafunga, na mi namwambia kaninunulie maji, kanichajishie simu, kumbe zilikuwa hizo. Nilishona ule mguu wa pili sioni vizuri. Nilimwambia hata usiku piga simu, hata saa nane, akasema sawa, akasema lakini shangazi simu yako huwa haina chaji, tukacheka tena.

Usiku nikamaliza bando lote kusoma. Sio vya kuchekesha vyote. Mexico, mji wa Querétaro, Machi 2008, watu walijikusanya uwanjani wakawapiga vijana wa emo kwa sababu ya nywele tu na jinzi za kubana. Uingereza nako binti mdogo alifariki 2007, na mwaka uliofuata gazeti moja kubwa likaandika kwamba emo ni kikundi cha watu wa kujiua, mashabiki wa My Chemical Romance wakakusanyika London nje ya ofisi za hilo gazeti kulipinga, na bendi ikasema wazi kwamba wao wanapinga kujiua na siku zote wamepinga. Baghdad 2012 vijana waliuawa kabisa, kwa kuonekana emo. Kuuawa kwa fulana. Nikaweka simu chini nikakaa. Wanasema hawa watoto wanapenda kifo, halafu wanaokileta ni wengine.

Na mi sisemi kwamba hakuna mtoto wa emo anayeumia kweli, wapo, Dulla mwenyewe kaniambia siku nyingine hayuko sawa. Lakini yule mtoto wa jirani yetu wa Gungu, tabasamu kila saa, shati jeupe limepigwa pasi, mwaka ule yaliyompata hakuna aliyejua mpaka tunamkimbiza hospitali, na hakuwa na nywele jichoni wala nini. Hakuna aliyemuuliza nani kafa kwa sababu alikuwa kavaa nyeupe.

Sasa sikilizeni vituko. Jana Ba'mdogo kapita hapa frem, kakuta Dulla benchini na hiyo jinzi mpya imemshika kama soksi. Kasimama mlangoni, kavua kofia kaiweka kifuani, kwa sauti ya msibani kabisa, "Poleni wafiwa."

Dulla: "Tumeshapoa, babu. Karibu mkekani."

Mzee alicheka mpaka akashika meza ya kukatia. Halafu akaomba asikilizishwe hizo kelele zenyewe, Dulla akampa spika moja ya sikioni, akasikiliza kidogo uso umekunjamana, akairudisha akasema gita sio baya ila huyo jamaa apewe maji. Akaenda zake. Hakuomba radhi wala nini, na Dulla hakutaka. Mi ndo bado naisikia ile ya Ijumaa, kwani mpaka afe mtu, na sasa hivi naisikia kwa namna ya nne ambayo siwezi hata kuieleza, karibu na furaha hivi.

Enhe, na kuna yule mama wa kamati ya harusi kaniletea vitenge vya sare, nimepima leo jioni, kitambaa kinatosha magauni manne na waliokuja kupimwa ni watano, na wa tano ndo matroni mwenyewe, mnene, wa mikono mirefu. Duka alikonunulia nimepita, rangi ile imeisha. Harusi Jumamosi. Simu yake haipatikani tangu mchana.