Kumbukumbu ya mradi wa MX-5: wikendi ya maji ya moto

Mara ya mwisho nilipoandika, injini ilikuwa inaning'inia kwenye winchi na silinda hedi iko mezani. Sasa gari limeungwa, limepita ukaguzi na limeshaingia mbioni. Kwa mgeni wa kumbukumbu hii: ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za kuchomoza, injini ya lita 1.6 mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Modeli hii ilizinduliwa 1989 na mpaka leo watu wa mbio za ridhaa hawaiachi. Ni gari jepesi, halifiki tani moja, halili tairi wala breki kupita kiasi, na karibu kila bolti yake inafikika bila kung'oa nusu ya gari. Kiwandani lilitoka na nguvu za farasi 115 hivi. Baadhi yao wameshatoroka.

Kwenye daraja letu injini haziongezwi nguvu, tairi ni za aina moja kwa wote, na uzito hupimwa dereva akiwa ndani. Kwa hiyo hakuna wa kununua ushindi kirahisi. Mnabanana.

Ijumaa ilikwenda kwenye mambo ya kawaida: kukaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, kupima upepo wa tairi zikiwa baridi, kutoa upepo kwenye breki na kujaza mafuta mapya ya DOT 4. Mafuta ya breki hayachakai kwa kutumika tu, hunywa unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. Kiwango cha DOT 4 kinataka yachemke si chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango chenyewe kinaruhusu mpaka 155. Diski za mbio zinapita joto hilo kwa urahisi, ndiyo maana chupa iliyofunguliwa zamani haiingii kwenye gari langu.

Jumamosi, mazoezi yalikuwa matamu. Nilitoka wa mwisho kwa makusudi nipate barabara peke yangu, na saa ya joto la maji ikasimama kwenye 93, mzunguko baada ya mzunguko. Saa hiyo ni ya dijitali, niliifunga mwenyewe, kwa kuwa saa za kiwandani kwenye magari mengi zimetengenezwa zikae katikati ili mwenye gari asipate presha. Mpaka sindano ianze kupanda, mambo yameshaharibika.

Kwenye kufuzu, ile mizunguko ya kupanga nani ataanzia nafasi gani, hadithi ikabadilika. Ukitaka muda mzuri kwa gari lenye nguvu ndogo, unamtafuta mtu wa kumfuata. Yeye anapasua upepo, wewe unakaa nyuma yake kwenye kivuli cha upepo, na pale barabara inaponyooka unavutwa kana kwamba umeongezewa gia. Nikabandika pua kwenye bampa ya gari jekundu ambalo tumesumbuana nalo msimu mzima. Muda ukashuka. Joto likapanda: 98, 102, 106. Nikafuzu wa saba. Kati ya wa tatu na wa nane haikutimia sekunde moja, yaani ukichelewesha gia mara moja tu, nafasi tano zimekwenda.

Niliporudi, mdogo wangu, ambaye ndiye timu yangu nzima, aliinama mbele ya gurudumu kabla sijavua helmeti.

"Kaka, chupa ya kupokea maji ya rejeta imejaa mpaka juu. Maji yanatiririka huku."

Kila aliyepita akatoa hukumu yake, na hukumu ilikuwa moja: gasketi ya hedi, ile pakiti inayoziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini. Gasketi kwenye karakana ni kama mchawi wa kijiji, kila ugonjwa husingiziwa yeye. Mimi nilikuwa nimeifunga gasketi hiyo majuzi na sikutaka kuamini, lakini kutotaka kuamini si kipimo. Tukangoja injini ipoe, tukaanza kupima.

Cha kwanza plagi. Silinda inayokunywa maji huosha plagi yake, unaikuta nyeupe na safi kuliko wenzake. Zote nne zilikuwa na rangi ile ile ya kahawia hafifu. Cha pili kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda: plagi zote nje, umeme wa plagi na mafuta vimekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini, kisha stata. Silinda zote zilisoma kati ya bar 12 na 12.5 (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Hapo namba yenyewe haina maana kubwa kuliko tofauti kati ya silinda na silinda, maana gasketi ikipasuka katikati ya silinda mbili, hizo mbili huanguka pamoja. Cha tatu ni kile kichupa cha maji ya bluu unachokiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Gesi ya moshi ikiwa inavuja kuingia kwenye maji, ule ubluu hugeuka njano. Ulibaki bluu.

Gasketi haikuwa na hatia. Lakini maji yalikuwa yametoka, na maji hayatoki bila sababu.

Wakati huo akaja mzee mmoja anayeendesha gari la kijani, mtu wa maneno machache, ameshika pampu ya kupimia presha ya rejeta. "Kijana," akasema, "kabla hujafungua injini, fungua kifuniko."

Tukakifunga kifuniko changu kwenye pampu yake na kuanza kusukuma. Kinatakiwa kushika bar 0.9. Sindano ilipanda taratibu mpaka 0.5, halafu tukasikia *fsss*, ikagoma. Tulipokigeuza, mpira wa ndani ulikuwa mgumu kama kucha na una mfereji mwembamba upande mmoja. Sura yake kwa nje haikuwa na kasoro hata moja.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu wengi huona kifuniko cha rejeta kama kizibo tu. Maji kwenye hewa ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100. Ukiyabana kwa bar 0.9 zaidi, yanavumilia mpaka karibu 119. Ukiyabana kwa 0.5 tu, mwisho wake ni 111 hivi. Sisi mbioni tunatumia maji matupu yenye dawa ya kuzuia kutu, kwani mashindano mengi hukataza kuulanti ya glaikoli, yale maji ya dukani ya kupozea injini: ikimwagika barabarani huteleza na haikauki upesi. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko, ila huchemka mapema kuliko mchanganyiko. Na ile 106 niliyokuwa naisoma ni joto la mahali kilipo kihisi. Ndani ya hedi, karibu na valvu za kutolea moshi, pana moto zaidi. Pale yalikuwa yanachemka, mvuke unasukuma maji, na kifuniko kilicholegea kinayaachia yaende kwenye chupa. Tulikuwa na kifuniko cha akiba. Tukakipima kabla ya kukifunga, kikashika 0.9 bila kuhema.

Kifuniko kizuri hakipunguzi joto, kinazuia maji yasitoke. Kwa hiyo niliingia mbio za kwanza nikijua joto litapanda tena nikimfuata mtu. Na katika mbio za namna hii usipomfuata mtu umekwisha.

Nilianza vizuri, nikampita mmoja kwenye kona ya kwanza kwa kuwa yeye alibanwa ndani, na baada ya hapo tukawa magari manne kwenye mkia mmoja. Jekundu mbele yangu, nyuma yangu jeupe na la bluu. Mzunguko wa tatu saa inasema 104. Nikaanza mchezo ambao sijawahi kuucheza kwa muda mrefu hivyo: kwenye sehemu iliyonyooka natoa pua nusu gari pembeni, rejeta ipate hewa isiyovunjwa, halafu narudi kwenye kivuli kabla ya kufunga breki. Ukitoka mapema unaupoteza ule mvuto na jeupe anakuja. Ukitoka umechelewa rejeta haijapata kitu. Nilijifunza kuhesabu kwa mabango ya breki. Nikitoka kabla ya bango la kwanza, joto linashuka nyuzi mbili au tatu, nazo zinatosha mzunguko mmoja.

Shida ni kwamba aliye mbele akiona pua yako pembeni anadhani unakuja. Jekundu alianza kujilinda, akashika ndani kwenye kila mwisho wa barabara iliyonyooka, akawa anatoka kwenye kona polepole. Nilipoona hivyo, mzunguko wa mwisho nikatoa pua kama kawaida, yeye akashika ndani kama kawaida, mimi nikarudi nje, nikachelewa kukata kona na kuwahi kukanyaga mafuta. Tukatoka bega kwa bega. Bendera ya mirabamiraba ilinikuta niko mbele yake kwa urefu wa boneti, nafasi ya tano, na saa inasoma 109. Hakuna tone lililotoka.

Jioni tuliinama chini ya gari na kushughulikia chanzo chenyewe. Gari hili nililinunua likiwa limepoteza ile kinga ya plastiki ya chini ya pua. Watu huiona kama urembo wa kuzuia tope, lakini kazi yake kubwa ni kuilazimisha hewa ipite kwenye rejeta. Isipokuwepo, hewa inayoingia mdomoni inapita chini kwenye njia rahisi, na wakati huo huo presha chini ya boneti inazuia ile ndogo iliyobaki isipite. Ukiwa peke yako, mwendo mkali unaficha tatizo. Nyuma ya mwenzako, hewa inayokufikia ni chache na imevurugika, na hapo kila tundu linakudai. Tukakata bati la alumini kwa mfano wa karatasi, tukalifunga kwa ribiti na bolti chache ili liweze kutoka, kisha tukaziba mapengo ya pembeni mwa rejeta kwa sponji nzito. Mdogo wangu alikata kipande kimoja kinyumenyume, kikaenda kukaa upande wa pili kama kilichopimwa pale. Tukakiacha.

Jumapili, mzunguko wa kujipasha moto, joto lilikuwa jema lakini gari lilikuwa linaimba. Mvumo mzito, *vuuu*, unakua kwenye kona za kushoto na kunyamaza kwenye za kulia. Ukikata kushoto uzito unakwenda kulia, kwa hiyo mgonjwa alikuwa gurudumu la kulia. Kulikuwa na dalili nyingine niliyoiona kabla ya mvumo: pedali ya breki ilikuwa ndefu kwenye mkanyago wa kwanza, kisha inarudi kawaida kwenye wa pili. Beringi ikilegea, diski inayumba ndani ya kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi za breki, na kuzisukuma pedi nyuma. Unapokanyaga, mkanyago wa kwanza wote unaishia kuzirudisha pedi mahali pake. Dawa ya barabarani ni kugusa pedali kidogo kwa mguu wa kushoto kabla ya kona. Dawa ya kweli ni beringi.

Tukainua gari kwa jeki. Nikashika gurudumu la mbele la kulia juu na chini nikalitikisa, mlio wa *tok, tok* ukasikika. Kwenye gari hili beringi ya mbele imefungiwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, unabadilisha kitu kizima. Kalipa ikatoka na kuning'inizwa kwa waya ili mpira wake wa mafuta usibebe uzito, diski ikatoka, kisha ile nati kubwa ambayo mdomo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa ekseli. Kuunyoosha mdomo huo kwa patasi ndiyo kazi inayokula muda. Habu ya akiba ikaingia, nati mpya, nguvu ya kukaza ya Nm 200 kwenye spana ya kipimo, kisha nikaugonga mdomo wake mpaka ukajikunja mferejini. Habu iliyotoka ukiizungusha mkononi ulihisi mchanga ndani, na mchanga haukuwepo. Ni chuma kilichoanza kumeguka.

Mbio za pili zilikuwa bora kuliko zote nilizoendesha na gari hili. Kwenye kivuli cha upepo, pua imebandikwa kabisa, saa ilisoma 97. Kwa mara ya kwanza niliacha kuitazama. Bendera ya njano, ile ya hatari inayokataza kupitana, ilitufunga mizunguko miwili baada ya mtu wa mbele kuzunguka na kukwama kwenye changarawe. Ilipotolewa tulikuwa watatu tunagombea nafasi ya tatu: mimi, jekundu na yule mzee wa kijani, ambaye siku nzima ya Jumamosi hata sikumwona mbioni. Mzee haendi kasi sana kwenye barabara iliyonyooka, lakini kwenye kona anaacha nafasi ya gari moja kamili, wala si sentimita zaidi. Tulipita kona mbili sisi wawili sambamba bila kugusana. Mimi nilikuwa natokwa na jasho. Yeye, nilipomtupia jicho, alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

Mwishoni jekundu alipanua kona mno, sisi tukapita. Mzee akachukua nafasi ya tatu, mimi wa nne, sehemu ya kumi ya sekunde nyuma yake. Nilimrudishia pampu yake, akauliza kama kifuniko kimeshika. Nikamwambia kimeshika. "Haya," akasema, akaenda zake.

Kazi zilizobaki kabla ya mbio zijazo: bati la alumini litengenezwe upya kwa unene mkubwa kidogo, kwani limeanza kupasuka kwenye tundu la bolti ya kushoto. Pedi za mbele zimebaki nusu, za kulia zimelika kimshazari kwa sababu ya ile beringi, kwa hiyo zitabadilishwa zote nne. Vifuniko vya rejeta vitakuwa vinapimwa kwa pampu kila Ijumaa, na pampu nimeagiza ya kwangu. Habu ya kushoto nayo ina umri ule ule na iliyokufa. Hailii bado, ila itatoka.