Mpaka hina alivyojifunza maua ya Petrykivka

Petrykivka ni kijiji kilicho mkoa wa Dnipropetrovsk, Ukraine. Zamani wanawake wa huko walichora maua kwenye kuta zilizopakwa chokaa na kulizunguka jiko. Baadaye maua yakahamia kwenye karatasi zilizouzwa sokoni ili mtu abandike nyumbani kwake, kisha kwenye masanduku na sinia nyeusi za mbao zinazong'aa. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza uchoraji huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mimi nilikutana nao nikisomea udaktari mjini Dnipro, na kwa kuwa kwetu Tanga nilikuwa nikipaka maharusi hina, nilijua utanijia upesi.

Ulinijia nusu. Mchoraji wa Petrykivka hatangulizi penseli. Anaanza na brashi hapohapo, na mpaka hina naye hapigi rasimu kwenye kiganja cha bibi harusi. Mwalimu wangu, mama mtu mzima, alishangaa kuona siulizi kifutio kiko wapi.

Kilichonitoa jasho ni unene wa mstari. Koni ya hina unaikamua kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Brashi yao ni manyoya ya paka (ndiyo, paka) yaliyofungwa kwa uzi kwenye kijiti, laini mno na ncha kali. Ukigusa kwa ncha kisha ukakandamiza, unapata punje: nyembamba inapoanza, nene inapoishia. Ukianza kwa kukandamiza na kuinua huku unavuta, unapata jino la kitana. Panga meno kadhaa, petali imepatikana. Mkono wangu ulikataa kuinua. Dawa ilikuwa kuegemeza kidole cha mwisho juu ya karatasi na kuuacha mkono uzunguke hapo, nikajaza punje nyuma ya karatasi zangu zote za anatomia.

Halafu kuna mchoro wa rangi mbili kwa mpigo mmoja, ambao kwangu ndio roho ya kazi yote. Unachovya brashi nzima kwenye kijani, kisha ncha peke yake kwenye njano, unakandamiza: jani linatoka njano na kuishia kijani. Rangi ikiwa majimaji zinachanganyika, ikiwa nzito inakwama. Wazee walikorogea kiini cha yai. Mimi natumia gwashi, rangi nzito ya kuchanganya na maji, na gundi nyeupe kidogo. Matunda mekundu ya kalina, kichaka cha huko, hayahitaji brashi kabisa, unachovya kidole na kugonga.

Sasa nachora sinia hapa Tanga. Paka wa jirani nimemwacha na manyoya yake, nimepunguza brashi nyembamba ya dukani kwa wembe, na inatosha. Vanishi ndiyo siikwepi, napaka mara mbili, maana gwashi huyeyuka ikiguswa na maji, na sinia yetu itamwagikiwa chai tu.