Gari la Nyama na Shilingi Tisini na Sita

Ilikuwa semina ya sheria ya madhara (tort), ile ya kudai fidia kwa aliyekudhuru, pale Chuo Kikuu, Mlimani. Mwalimu aliandika ubaoni: kibarua wa reli, mshahara shilingi 24 kwa wiki, mguu umevunjika, wiki 10 hana kazi, aliyepakia behewa vibaya ni mwenzake. "Mtafutieni fidia, Uingereza, mwaka 1850."

Alianza na chimbuko la kanuni iliyotawala kesi kama hiyo. Charles Priestley, mfanyakazi wa bucha, alivunjika paja mwaka 1835 baada ya gari la nyama lililozidishiwa mzigo kuharibika njiani. Alimshtaki mwajiri wake, na jopo la raia kule Lincoln likampa pauni 100. Mwaka 1837 jaji, Lord Abinger, akazifuta. Akisema ndiyo kwa Priestley, alihoji, si kesho mtumishi atamdai bwana wake kwa kuwa kijakazi kamlaza kwenye kitanda chenye unyevu, au mpishi hakusafisha vyombo vya shaba? Hoja ya jikoni kabisa, na mimi nadhani ingebaki jikoni isingekuwa na ubaya mkubwa.

Haikubaki. Mwaka 1850, katika kesi ya Hutchinson, mfanyakazi wa reli aliyekufa treni zilipogongana, majaji waliigeuza hoja hiyo kuwa kanuni ya ajira ya pamoja: uzembe wa mwenzako haumgusi mwajiri, maana hatari hiyo uliikubali ulipoikubali kazi. Dereva na mpakiaji wasiojuana hata sura wakahesabiwa kama mpishi na kijakazi wa nyumba moja. Jibu letu la kwanza, basi, lilikuwa sifuri.

"Sasa mpelekeni Agosti 1898." Sheria ya fidia ya 1897 ilikuwa imeanza kazi mwezi Julai: huna haja ya kuthibitisha uzembe, unalipwa nusu ya mshahara wa wiki, isizidi pauni moja (shilingi 20), na wiki mbili za mwanzo hazilipwi. Wengi wakapata 120, wamesahau zile wiki mbili. Sahihi ni 12 mara 8: shilingi 96, yaani pauni 4 na shilingi 16.

Mmoja akauliza, na Priestley je? Mwalimu akasoma orodha: reli, viwanda, migodi, machimbo, kazi za uhandisi, majengo yanayozidi futi 30. Gari la bucha halimo. Mtu kama yeye alingojea sheria ya 1906.

Kanuni yenyewe ilifutwa Uingereza mwaka 1948. Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, wakati kanuni hiyo ingali hai, na kazi ya wiki iliyofuata ikaanzia hapo.